Mguu wa Kushoto wa Sadalla

Wifi yangu Mwanamkasi alikuwa na ulimi wa pilipili, nami nasema hivyo kwa mapenzi, maana sehemu kubwa ya pilipili hiyo niliila mimi. Kaka yangu Sadalla alimwoa mwaka wa arubaini na tano. Siku ya kwanza nilipoingia chumbani kumwamkia bibi harusi, alinitazama toka unyayo hadi utosini, akasema, "Mwatumu, mbona watembea kama umebeba ndoo ya maji kichwani na nyingine moyoni? Simama sawa." Hata kahawa ya kwao sijaionja. Ndivyo alivyokuwa. Mtu akipita mbele yake, yeye hutazama miguu kwanza, uso baadaye akipata nafasi.

Nataka kusimulia habari za mchezo alioutengeneza, ule wa nyimbo na dansi uliochezwa Makorora, Tanga, mwezi wa Shaabani. Mji mzima uliuona. Yeye mwenyewe hakuuona.

Yote yalianza na santuri. Sadalla alikuwa mnyapara wa makuli bandarini, kwenye matishari yanayopeleka marobota ya mkonge melini, na mabaharia walimpenda kwa sababu hakuwa mdokozi na aliweza kumchekesha mtu hata kwa lugha asiyoijua. Baharia mmoja alimpa santuri mbili za Kyuba. Mwingine alimwachia gramafoni yenye mpini uliolegea. Ikawa kila meli ikiingia, kaka yangu anarudi nyumbani na santuri nyingine ameikumbatia kama kitoto. Nyimbo zenyewe zilikuwa za Kihispania na hatukuelewa hata neno moja. Lakini mtu anayemlilia mtu hahitaji mkalimani, na wale waimbaji walikuwa wanalia kweli.

Mwaka wa arubaini na saba robota lilichomoka kwenye winchi likamwangukia Sadalla mguu wa kushoto. Ulipona, ila haukurudi ulivyokuwa. Tangu siku hiyo akawa anauvuta. Mguu wa kulia unakanyaga, ko, wa kushoto unafuata nyuma, shwaa. Ko, shwaa. Ko, shwaa. Akiwa bado mwanzo wa kichochoro ulishajua ni nani anakuja. Na kwa miaka yote hiyo Sadalla hakupiga hodi nyumbani kwake hata mara moja, maana kabla hajafika mlangoni Mwanamkasi ameshainuka, ameshajitanda kanga, ameshaondoa komeo. Nilikuwa nikimtania. "Wifi, mwache mwanamume apige hodi walau siku moja, aonje raha ya kungoja."

"Akipiga hodi," alinijibu, "nitadhani ni mgeni."

Rumba aliijulia humo humo ndani, mwaka uliofuata. Jumapili alasiri, bandari imefungwa, kaka yangu hufunga dirisha, huzungusha mpini wa gramafoni, na kumshika mkewe mkono. Mwanamkasi hakuwa mgeni wa ngoma. Kabla ya kuolewa alikuwa ndiye anayesimama mbele kwenye lelemama ya akina mama wa mtaani kwao, na akiinua bega moja, mstari mzima unainua. Lakini dansi la mwanamume na mwanamke hakuwahi kuliona popote. Mwanamke wa heshima wakati ule hakuingia kwenye kumbi za dansi. Alilojua alilijua kwa mtu mmoja, ndani ya chumba kimoja, na alilijua barabara.

Baadaye akaanza kufundisha. Kwanza wasichana wa jirani, uani, kwa kuchekacheka tu. Kisha akaja Rafaeli, kuli aliyekuwa chini ya Sadalla, mtoto wa watu wa bara walioletwa na kazi za mkonge, akaomba afundishwe yeye na wenzake wa mashamba ya Pongwe. Hao walikuwa Wakristo, kwao mvulana kumshika msichana mkono mbele za watu halikuwa jambo la kuitiwa mashekhe. Mwanamkasi akawa anakaa kitini na buibui lake, fimbo mkononi, anafundisha kwa mdomo na kwa fimbo. Mji ukasema. Ati mke wa mtu anafundisha dansi. Sadalla alipoambiwa hayo barazani alisema, "Mke wangu anafundisha miguu. Wa kufundisha midomo naona mko wa kutosha." Maneno yakaisha, au tuseme yalihamia baraza nyingine.

Baada ya miaka mitatu minne, ukipita Makorora siku ya harusi ungeona vijana wakicheza rumba ya Mwanamkasi. Hatua mbili za haraka, ya tatu inavutwa, mguu wa kushoto unakuja polepole ukisugua chini. Vilabu vya dansi viliiga. Tukajisifu kwamba huo ndio mtindo wa Tanga, na asiyeweza kuuvuta mguu vizuri tulimwona mshamba.

Ndipo akapata wazo la mchezo. Alichagua santuri saba kati ya zile za Sadalla, akazitungia maneno ya Kiswahili, akaziunga kwa kisa kimoja. Binti wa mkuu wa stesheni anamngoja mchumba wake aliyekwenda kazi ya mbali. Kila treni inashusha watu, yeye hashuki. Wanakuja wachumba wengine, anawakataa. Mwishoni treni inaingia, anashuka, wanacheza bolero ya polepole, basi. "Kisa chepesi," nilimwambia. Akasema, "Kungoja si kwepesi, wewe hujangoja." Na kweli, wakati huo nilikuwa sina hata wa kumngoja.

Mazoezi yalikuwa yakifanyika kwenye ukumbi ulio ng'ambo ya kichochoro chetu, juu ya jukwaa la mbao za masanduku ya bandarini alizoziomba Sadalla mwenyewe. Rafaeli akawa mchumba, na Anjela wa Pongwe akawa binti wa stesheni. Walikuwa wachezaji ishirini kwa jumla, na bendi ya kuwapigia. Siku iliwekwa: Jumamosi ya mwisho ya Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Mwezi wa Jamadi Sadalla akashikwa na homa. Siku ya kwanza alitania. Siku ya pili alilala. Siku ya tatu tulimzika.

Sitaeleza msiba. Nitasema tu kwamba wifi yangu akaingia eda, akawa kizuka, miezi minne na siku kumi, shuka jeupe, bila wanja, bila udi, bila kutoka nje, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu wake. Hesabu ilikuwa wazi. Eda ingekwisha Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani, na mchezo ulikuwa Shaabani. Kuusogeza haikuwezekana, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na mfungo, na baada ya mfungo masika, na bendi ilikuwa na safari yake. Tukadhani amekwisha kuuacha. Siku ya arubaini ilipopita akaniita. "Mwatumu, niletee bao la kaka yako."

Shangazi yake, Bi Kijakazi, ndiye aliyekaa naye kumlinda, mwanamke wa dini aliyeshika tasbihi kama nahodha alivyoshika usukani. Akashtuka. "Kizuka na bao?"

"Sichezi mimi, shangazi. Wanaocheza ni wao."

Akamwaga kete juu ya mkeka. Kete ishirini kasoro mbili ndio wachezaji. Binti wa stesheni alikuwa komwe moja jeupe. Mchumba alikuwa kifungo kilichong'oka kwenye shati la Sadalla. Kila siku, baada ya mazoezi, niliingia nikamweleza nani alisimama wapi, nani aligeuka upande upi, na yeye akazipanga kete kwenye mkeka, akaziangalia, akafoka. "Huyu kwa nini amesimama mbele ya Anjela? Mwambie aende nyuma, watu hawakuja kuona kisogo chake." Kesho yake ninabeba maneno hayo ukumbini, nikiyapunguza makali njiani. Mimi niliyetembea na ndoo mbili nikawa ndiyo miguu ya Mwanamkasi.

Mengine aliyasikia mwenyewe. Dirisha lilifungwa, lakini zile mbao hazikujua kunong'ona. Bi Kijakazi alimwambia azibe masikio, kizuka hana haja na muziki. Akajibu kwamba muziki hausikilizi, anasikiliza miguu tu. Bi Kijakazi akatazama juu kumshitakia Mungu, ila kwenye dirisha hakuongeza hata kitambaa cha kuziba sauti.

Siku moja, nikipepeta mchele karibu naye, akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. "Sauti yake naikumbuka, Mwatumu. Uso wake upo kwenye picha. Ila ile miguu kichochoroni naitafuta kila alasiri, nasikia ya watu wengine tu." Kisha akainamia kete zake. Nikaendelea kupepeta. Na mimi nilikuwa nikiitafuta.

Wiki tatu kabla ya mchezo, bendi ilimpata mpiga saksafoni mpya, Eliudi, kijana mpole aliyekuwa amepiga Mombasa miaka mitatu na kuona dansi za kila namna. Siku ya kwanza alipuliza tu, akiangalia. Siku ya pili akaweka saksafoni yake chini, akasema kwa adabu zote, "Samahanini ndugu zangu. Mbona nyote mnachechemea?"

Hakuna aliyemwelewa. Akapanda jukwaani, akamwomba Anjela mkono, akaonyesha. Hatua mbili za haraka, ya tatu polepole, lakini mguu umeinuliwa, umewekwa, haukuvutwa. "Rumba haina kilema," alisema. "Hii ya kuburura mguu wa kushoto sijaiona pengine popote. Nani aliwafundisha?"

Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo. Nikawatazama wale vijana ishirini, na miguu ishirini ya kushoto, na pale pale nikamwona kaka yangu. Miaka yote ile nimeitazama dansi hiyo, nimeicheza na mwenyewe, sikuwahi kumwona. Mwanamkasi alifundishwa na mtu aliyeangukiwa na robota, na kwa kuwa hakuwa na wa kumlinganisha naye, kilema alikihesabu kuwa ni hatua. Akakifundisha kwa fimbo. Mji mzima tuliukazania mguu mbovu wa Sadalla, na aliyeukosea tulimcheka. Sadalla naye, nafikiri, alijua. Siku za harusi alikuwa akitazama vijana wakicheza, kisha anainamisha uso ndani ya kikombe cha kahawa, mabega yanamtikisika. Nilidhani ni kikohozi.

Nilimwambia siku ile ile, kwa sababu mtu kama yule humfichi. Nilipofika kwenye neno la Eliudi nikasita, akanitolea macho mpaka nikalisema. Akachukua kile kifungo, akakipitisha polepole juu ya mkeka, mbili za haraka, moja ya kuvuta. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka Bi Kijakazi akaacha tasbihi. "Ya Rabi," alisema, "mji mzima nimeutia chongo la mguu." Akafuta macho kwa pindo la shuka, na akiyafuta nikaona kicheko kimeshakwisha zamani.

"Waambie wafanye anavyosema Eliudi," akasema.

"Wifi, lakini..."

"Hakuna lakini. Watu watakuja kutoka Mombasa na Pangani. Wale watoto wa watu hawatachekwa ukumbini kwa sababu mimi nilimpenda mtu mmoja."

Wakajifunza upya. Iliwachukua siku tano, na Rafaeli ndiye aliyetaabika zaidi, kwa maana alikuwa ndiye aliyeushika mguu wa Sadalla vizuri kuliko wote. Siku ya sita walicheza mchezo wote bila kosa. Nilirudi nyumbani nikamkuta wifi yangu ameegemea ukuta wa upande wa ukumbi. "Wamecheza safi," akasema. "Hakuna hata mmoja anayevuta."

"Safi sana."

"Basi vizuri." Kete hakuzigusa siku hiyo. Wala kesho yake. Nilipomuuliza kama nimweleze mazoezi, alisema ameyasikia, yatosha. Siku ya tatu ndipo akasema, akiwa amenipa mgongo, "Mara ya kwanza nilimzika kwa amri ya Mungu, Mwatumu. Mara ya pili nimemzika kwa mdomo wangu."

"Niende nikawaambie warudishe?"

"Thubutu." Na alikuwa na maana hiyo hasa. Nilimjua. Angekufa na hamu yake kuliko kuwaaibisha wanafunzi wake.

Mimi nimewahi kumtii Mwanamkasi katika mambo mengi. Katika hili sikumtii. Jumamosi ya mchezo, watu wakiwa wameanza kuingia baada ya sala ya alasiri, nilimvuta Rafaeli nyuma ya jukwaa, akiwa na koti lake la kuazima na poda shingoni. Nikamwambia mchezo wote wacheze kama Eliudi alivyowafundisha. Ila ile bolero ya mwisho, mchumba anaposhuka kwenye treni na wote wanamfuata nyuma, watembee kama zamani.

"Eliudi atakasirika," akasema.

"Eliudi apulize saksafoni."

Alinitazama kidogo. "Mwalimu ndiye aliyesema?"

"Mwalimu amekataza."

Rafaeli akainamisha kichwa, akafunga kamba ya kiatu cha kushoto ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. "Nitawaambia wenzangu," akasema.

Nusu ya kwanza niliitazama kwa macho yangu na ya wifi yangu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wamekaa madirishani. Anjela alivaa gauni jekundu lililoshonwa na mama yake kwa kitambaa cha pazia, na alipoimba wimbo wa treni ya kwanza, wanawake wa Makorora, waliokuja na buibui zao wakisema wanapita tu, walipiga vigelegele. Wageni wa Mombasa hawakucheka. Walipokuwa wakipumzika nikavuka kichochoro mbio nikaingia chumbani, nikamweleza yote, jasho likinitoka. Safari hii alizichukua kete. Akazipanga moja moja, komwe katikati, kifungo pembeni kabisa, mahali alipokuwa amepachora kuwa ni reli.

"Rudi ukaone mwisho," akaniambia.

"Nitausikilia hapa."

Bi Kijakazi alikuwa kitandani na tasbihi yake, amefumba macho, lakini midomo haikusogea. Tukasikia wachumba wawili wakikataliwa, na watu wakicheka. Tukasikia ngoma ya treni ya mwisho, wapiga magitaa wakiiga magurudumu. Mwanamkasi akakiweka kidole juu ya kifungo. Muziki ukatulia. Ikabaki saksafoni ya Eliudi peke yake, na Rafaeli akashuka.

Ko, shwaa.

Nilimtazama wifi yangu. Kidole hakikusogea.

Ko, shwaa. Ko, shwaa. Nyuma yake wakaingia wengine wawili, kisha wanne, kisha wote, mbao za bandarini zikilia chini yao, kulia wanakanyaga, kushoto wanavuta. Eliudi alisita pigo moja, nikamsikia. Kisha akapunguza mwendo, akawafuata, na saksafoni nayo ikawa inavuta. Walikuwa watu kumi na tisa, wote isipokuwa Anjela, lakini kwa pale tulipokaa, ukuta na kichochoro katikati yetu, alikuwa mtu mmoja, ametoka kazini, anakuja.

Mwanamkasi aliinuka. Hakuniangalia mimi wala shangazi yake. Alivuka mkeka, kete zikatawanyika kwa pindo la shuka, akaliinua shuka akajitanda kichwani kama alivyokuwa akijitanda kanga siku zote, akaenda mlangoni. Mkono ukashika komeo.

"Mwanamkasi," Bi Kijakazi aliita kwa upole ambao sijapata kuusikia kwake. "Wenda wapi, mwanangu?"

"Sadalla huyo," akasema.

Aliposikia maneno yake mwenyewe alisimama. Komeo hakulivuta na mkono hakuuondoa. Sikumwendea, kwa kuwa mimi ndiye niliyeyafanya haya, na hata leo sijui kama nilimtendea wema au nilimwongezea. Hatua zilikuja mpaka karibu kabisa, kisha zikakoma. Ng'ambo ya kichochoro watu wakaanza kupiga makofi na vigelegele, na ndani ya chumba sisi watatu tukawa tunasikiliza mlango. Hodi haikupigwa. Kaka yangu hakuwa mtu wa kupiga hodi.